Siku Ishirini na Moja

4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya stoo, karatasi juu ya goti, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka usidhani nimeanza kuzeeka. Mama hajambo. Goti lake linamsumbua asubuhi, likishapata joto anasahau kwamba lilikuwa linauma, isipokuwa akiombwa kuosha vyombo. Anakusalimu sana, na anasema ule mto wa kulalia ulioondoka nao ulikuwa wake. Mimi mzima.

Nafuata tulivyokubaliana baada ya kumzika Baba, kwamba simu iwe ya ugonjwa na msiba tu. Mimi na wewe hatumalizi dakika mbili hewani kabla mmoja hajamkatia mwenzake, na Mama amechoka kuwa refa. Kwenye karatasi angalau hakuna wa kumkatiza mtu.

Sasa nisikilize. Jumapili yule jirani mwenye kofia alikuja akapima uzio wetu kwa hatua, toka mferejini mpaka barabarani. Anasema atang'oa michungwa yote afyatue matofali. Nikamuuliza amekubaliana na nani. Akasema, "Na mwenye shamba." Nilimtazama mpaka akavua kofia mwenyewe.

Najua wewe ndiye mkubwa na hati ina jina lako. Najua pia mwaka jana ghala la matunda lilirudisha lori letu zima, watu wakitazama, kwa sababu machungwa yalikutwa na mabaki ya dawa ya wadudu. Wiki mbili baadaye ukaondoka, na mpaka leo hujasema kwa nini. Sikulaumu. Ila shamba hili ndilo limetulea, na mimi sijui kazi nyingine wala sitaki kuijua.

Bibi Shamba, yule afisa kilimo mfupi anayetembea kama anadaiwa muda, ameanzisha darasa la matumizi ya dawa, kila Alhamisi kwenye chumba cha shule. Nimeshajiandikisha. Tuko tisa, mwanamke ni mimi peke yangu. Nakuomba msimu mmoja. Nipige dawa mimi, kwa njia inayofundishwa, na machungwa yaende ghalani. Yakikataliwa tena, nitamshikia jirani shoka kwa mikono yangu.

Mdogo wako

*

27 Machi

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama mto nitaurudisha. Usishangae mwandiko huu mzuri, si wangu. Chumba changu kiko nyuma ya duka la fundi cherehani, na yeye ndiye anayeandika huku mimi naongea, kwa sababu kazi zimenibana na nafasi ya kukaa na kalamu sina. Nasimamia lango la kiwanda cha mbao. Hakuna gari linaloingia wala kutoka bila mimi kuridhika. (Mimi fundi nami nakusalimu, dada. Kusimamia lango maana yake analifungua na kulifunga.)

Huyu bwana namlipa anipigie shati pasi halafu anajitia mwandishi wa habari. Tuendelee.

Ni kweli nimezungumza na jirani. Shamba lililokataliwa mara moja lina doa, na mimi siko huko. Wewe na Mama mtabaki kwenye nyumba, hakuna atakayewagusa. Usifanye kana kwamba nawatupa barabarani.

Na hilo darasa, mdogo wangu, nimecheka mpaka fundi akaacha kuandika. Nimepiga dawa miaka kumi na minane, kwa kaptula na miguu peku, na Baba kabla yangu. Utafundishwa nini kuhusu dawa na mtu ambaye hajawahi kubeba bomba mgongoni? Kipimo unakijua, kifuniko cha Baba kiko juu ya dirisha la stoo. Viwili kwa bomba moja, na kimoja cha kusindikiza. Hayo ndiyo masomo, yameisha.

Lakini umeomba, na wewe si mtu wa kuomba. Chukua msimu wako. Ghala likipokea machungwa, jirani atakwenda kufyatua matofali kwingine. Likikataa, naweka sahihi siku hiyo hiyo, na sitaki machozi wala kikao cha ukoo.

Kaka yako

*

19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Asante kwa msimu. Mama alisikia nikiisoma barua yako, akasema fundi huyo ana adabu kuliko wewe na apewe salamu zake peke yake. Paka amezaa watatu ndani ya kikapu cha kuchumia na haruhusu mtu kusogea. Mvua zimekuja kwa wakati na maua yameshika vizuri, ukipita asubuhi shamba zima linanukia.

Nimeaibika, kaka, na nakuandikia aibu hiyo kama ilivyo. Bibi Shamba alituuliza kila mtu nyumbani kwake wanapimaje dawa. Nilisimama nikajibu kwa kifua mbele. Viwili, na kimoja cha kusindikiza. Bibi Shamba akaandika kwenye daftari lake. Alhamisi iliyofuata akanitaka nije na kifuniko chenyewe na kopo la dawa tunayotumia. Akajaza kifuniko maji, akamimina kwenye chupa yenye mistari ya vipimo, kisha akanisomesha lebo kwa sauti, mbele ya wale wanaume wanane. Kwa bomba moja, dawa ile inatakiwa nusu kifuniko. Nusu, kaka. Sisi tulikuwa tunatia mara sita.

Usinune kwa ajili ya Baba, hakukosea. Alipimia ile ya zamani, ya kopo la bluu, ambayo siku hizi haipo madukani. Dawa ilibadilika na sisi tukabaki na kifuniko. Lebo hatukuisoma kwa sababu tulidhani tunajua.

Halafu kuna siku za kungoja. Kila dawa ina idadi yake ya siku kati ya kupiga na kuchuma, ili iishe kwenye tunda. Ya kwetu ni ishirini na moja. Na sisi, unakumbuka, tulipiga Jumatatu tukachuma Alhamisi ili machungwa yaende yaking'aa. Lori letu halikuonewa.

Jumamosi nimepiga mara yangu ya kwanza. Nilivaa ovaroli ya marehemu Baba nimekunja miguu mara tatu, gambuti, glavu mpaka kwenye kiwiko, miwani na barakoa yenye vichujio viwili mashavuni. Mama alifungua mlango, akanitazama toka juu mpaka chini, akauliza kama nakwenda kupiga dawa au kuiba benki. Nilianza saa moja asubuhi, kabla ya jua kali. Upepo ulipoanza kunirudishia nikaacha mstari katikati, nikasubiri mpaka ulipotulia. Wewe ungenicheka. Nilipomaliza nilioga kabla ya kugusa kikombe, na nguo nikazifua peke yake kwenye karai lake. Makopo matupu nayasuuza mara tatu na kuyatoboa, Mama asije akapata mawazo ya kuwekea mafuta ya taa.

Jambo moja. Kabla ya kutia dawa tulifundishwa kujaza bomba maji matupu na kulijaribu. Bomba letu lilivuja mgongoni, nikaloa shati lote kwa maji. Nimebadilisha mpira, sasa limekaza. Ulijua kwamba linavuja?

Nauliza kwa sababu Bibi Shamba alituambia dalili za mtu aliyeingiwa na dawa mwilini. Mate yanamtoka, jasho, kutapika, macho yanaona ukungu. Mama alikuwa anachambua mchele, akasema, "Hiyo ndiyo ile malaria ya kaka yako." Anasema ulirudi toka shambani unatokwa na udenda, ukalala siku tatu, ukakataa kupelekwa hospitali. Ilikuwa malaria, kaka?

Mdogo wako

*

2 Juni

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Nimekawia kujibu, kazi. Huku hatujambo. Mtaani wamechimba mtaro wa maji machafu mbele ya duka la fundi na wateja wake sasa wanaingia kwa kupita juu ya ubao mmoja. Mama mnene wa duka la pili amegoma kuupita, anapimwa nguo toka ng'ambo, fundi anapiga kelele za vipimo vya kiuno na barabara nzima inavijua. Bosi wangu ananisifu. Paka muache akae na kikapu, vikapu viko vingi.

Kuhusu kifuniko, sawa, umesema. Kila zama na mambo yake.

Bomba lilikuwa bomba. Lilivuja kidogo, shamba ni mahali pa kuloa.

Na malaria ni malaria. Mama ana umri, anachanganya siku. Usiwe unakaa naye mnanichambua pamoja na mchele. Wewe umeomba msimu, shughulika na msimu, mwili wangu niachie mwenyewe.

Machungwa yakoje? Yamefika ukubwa gani? Hilo ndilo la kuniandikia.

Kaka yako

*

26 Juni

Kaka,

Shikamoo. Umeuliza machungwa yakoje. Mpaka wiki jana ningekujibu kwa nyimbo. Matawi yameinama, rangi imeanza kuingia, na ghala limetupangia tarehe kumi na moja Julai kuchuma na kupeleka. Mpimaji wao atakuja siku chache kabla, achukue machungwa ya kupima, na majibu yatasomwa langoni.

Juzi nikaokota chungwa chini likiwa na tundu dogo kama la sindano. Nikalipasua. Funza. Nzi wa matunda wameingia, kaka, upande wa mferejini. Jana nimehesabu miti kumi na mmoja.

Ukihesabu nawe utaona nilipobanwa. Toka leo mpaka kuchuma ni siku kumi na tano. Nikipiga dawa leo nzi watakufa, na mpimaji ataikuta kwenye ganda. Ghala nimeliomba lisogeze tarehe, karani akanijibu foleni ya magari imejaa mpaka Agosti, na Agosti machungwa yatakuwa yameshaoza chini. Jirani mwenye kofia amekuja kunipa pole kabla hakijaharibika kitu. Ameleta na bomba lake, kwa ukarimu tu.

Sipigi. Nimeamua na nimeshamwambia Mama. Bibi Shamba amenipa mitego, chupa zenye chambo ndani zinazoning'inizwa matawini, nzi anaingia hatoki. Nimetundika arobaini. Kila asubuhi naokota kila tunda lililoanguka, zima na bovu, natia kwenye mifuko meusi, nafunga, naianika juani mpaka funza wafe kwa joto. Mama ananisaidia kwa kukaa kwenye kigoda na kuninyooshea fimbo pale niliporuka. Goti lake siku hizi haliumi kabisa, amepata wa kumwamuru.

Sijalala vizuri siku tatu. Naogopa, sikufichi. Nikikosa, tumekosa wote, na michungwa itang'olewa na mtu aliyekuja kunikopesha bomba. Lakini sheria ya siku ishirini na moja siivunji. Nilikuomba nifanye kwa njia inayofundishwa, na kungoja nako ni sehemu ya njia hiyo.

Mdogo wako

*

2 Julai

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Piga dawa. Ukiipata barua hii asubuhi, piga asubuhi hiyo hiyo. Chupa za kunasia nzi ni michezo ya watoto. Nzi wakishaingia mferejini, ndani ya wiki moja wanamaliza shamba, nimewaona mimi, hukuwaona wewe. Piga nusu kipimo kama unaogopa, halafu uoshe machungwa kwa sabuni, mpimaji hatajua.

Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hiyo na hili si ombi. Usiponisikiliza, sitasubiri hiyo tarehe kumi na moja, naweka sahihi na jirani kabla yake.

Kaka yako

Dada, mimi ni fundi. Hapo juu nimeandika kila alichosema, hata yale niliyomwambia yamezidi. Haya ya chini ni yangu, yeye ameshatoka na hajui. Muulize habari za mkono wake wa kulia. Hashiki kalamu kwa sababu hawezi, unatetemeka. Kijiko anashika kwa kushoto. Ilimpata huko shambani kwenu. Nisamehe kwa kuingilia, lakini kila akinisomesha barua zako namwona anavyoukalia mkono huo.

*

13 Julai

Kaka,

Shikamoo. Leo nitaanza na habari kabla ya Mama, na Mama ameridhia.

Wamepokea. Wamepokea lori zima, kaka, mpaka kikapu cha mwisho.

Nikusimulie kwa utaratibu maana sitaki upitwe. Miti kumi na mmoja ya mferejini nimeipoteza, sikuchuma hata chungwa moja pale. Iliyobaki imesimama. Mitego ilijaa nzi mpaka ikabidi niimwage na kutundika upya mara tatu. Asubuhi ya tarehe kumi na moja tukapakia, Mama akapanda mbele na dereva, amevaa kitenge cha harusi, nikamwambia tunakwenda ghalani si kanisani, akaniambia nifunge mlango.

Langoni kulikuwa na malori sita. La mbele yetu lilirudishwa. Dereva wake alishuka akabishana, karani akamwonyesha karatasi, akapanda tena na kugeuza. Kaka, nilishikilia mlango wa lori letu. Ilikuwa palepale tulipogeuzia sisi mwaka jana, na watu walewale wa kupakia wamekaa kwenye ukuta uleule. Mpimaji akafungua bahasha yetu. Akasoma, akarudia kusoma, akaniuliza nani anapiga dawa kwenye shamba hili. Nikasema ni mimi. Akasema, "Mabaki hayaonekani. Safi." Akageuza karatasi niione mwenyewe.

Mama aliteremka kwenye lori bila kusaidiwa. Akawaendea wale wa ukutani mmoja mmoja akiwapa mkono kana kwamba ndio walioalikwa. Mimi nililia, nikacheka, nikalia tena, na sioni haya. Tumeshinda, kaka. Bila kuosha chungwa kwa sabuni.

Ndiyo, hilo la sabuni nimelisoma. Barua yako ilifika tarehe tano. Mara hii ulijibu haraka, wewe ambaye hukawia miezi, nikajua kuna amri ndani. Sikuifungua. Niliisimamisha nyuma ya saa ya ukutani na nikamwapia Mama kwamba haitafunguliwa mpaka machungwa yatoke. Ningeisoma, pengine ningetii. Nimekuwa nakutii toka nikiwa na meno ya utoto.

Nimeifungua jana mchana. Nimeisoma yote, mpaka chini kabisa, na chini fundi ameandika habari za mkono wako.

Usimgombeze. Ukimgombeza nitapiga simu, na unajua tukipigiana simu inavyokuwa. Nina hasira nawe kuliko nilivyowahi kuwa nayo. Ulikuwa unaniamuru niingie kwenye dawa wakati wewe mwenyewe hushiki kalamu kwa ajili yake. Mimi ni mdogo wako. Ungejibu nini kama Mama angekuandikia kwamba na mimi nimepata malaria?

Sikuulizi tena kama ilikuwa malaria. Nakuuliza ilikuwaje. Na safari hii usinipeleke kwenye mtaro wa maji machafu.

Mdogo wako

*

11 Agosti

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wangu. Nimeanza kuandika Jumatatu na leo ni Ijumaa. Ukishindwa kusoma neno, rukia lifuatalo.

Hongera. Nilitaka hilo liwe juu. Fundi alinisomea barua yako dukani, na wateja wakapiga makofi bila kukujua. Nilitoka nje nikasimama kwenye ule ubao.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa mstari wa mwisho, upepo umegeuka unanijia usoni. Bomba lilikuwa limenilowesha mgongo mzima toka asubuhi. Nilijua linavuja, nililijua msimu mzima. Sikuacha kwa sababu umebaki mstari mmoja na Baba hakuwa mtu wa kuacha mstari. Macho yakaanza kuona mawili mawili. Nikatapika kwenye pipa. Mate yalikuwa yanatoka na siwezi kuyazuia, kama mtoto. Nililala chini nikitazama majani mpaka nikaweza kusimama, nikaja nyumbani nikasema malaria. Mkono ukabaki unatetemeka. Nikadhani utaisha. Kisha lori likarudishwa, na nilipojaribu kushika bomba tena nikashindwa kufunga mkanda. Nilijua siku si nyingi utaniona. Ndipo nikaondoka.

Sasa nakuambia lile baya. Nilipokuamuru upige, nilitaka ushindwe. Ukishindwa nitauza, watu watasema biashara ya machungwa imekufa, basi. Lakini ukishinda, ina maana ilikuwa inawezekana siku zote, kwa kusoma kikaratasi kilichobandikwa kwenye kopo, na mimi nimeharibu mkono wangu na jina la shamba kwa sababu nilikuwa najua kila kitu. Hilo nilishindwa kulimeza. Nisamehe.

Sahihi sikuiweka, na jirani nimempigia. Nimemwambia shamba haliuzwi wala halikodishwi, na kwamba akitaka kupima uzio wetu tena aombe ruhusa kwako. Amekata simu.

Daktari nimemwona wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza. Fundi alifunga duka akanipeleka amenishika mkono kama mwizi. Daktari ameniambia nilikawia sana, lakini kuna mazoezi, na mtetemeko unaweza kupungua. Anasema kuandika ni zoezi mojawapo. Kwa hiyo jiandae, nitakuchosha.

Kaka yako

*

29 Agosti

Kaka,

Shikamoo, na mara hii shikamoo ya kutoka moyoni. Nimesoma kila neno, sikuruka hata moja. Nilimsomea Mama. Alisema, "Miaka yote najua kwamba huyu mtoto hajui kudanganya, na mimi nikamwachia." Akaniambia nikuandikie kwamba amekusamehe la malaria, la mto bado.

Mimi nimekusamehe yote. Nilisononeka siku mbili kwa lile la kutaka nishindwe, halafu nikaona kwamba mtu anayeliandika hilo kwa mkono unaotetemeka siku tano hataki tena. Basi, limekwisha.

Sasa kazi. Ghala limetupa mkataba wa msimu ujao na limeleta fomu. Kuna mstari unaouliza mpiga dawa wa shamba ni nani. Nimeandika jina langu, kwa herufi kubwa, na nikalitazama sana. Chini yake kuna mstari wa mtu anayeshika ufunguo wa stoo ya dawa. Huyo ndiye anayesoma lebo, anapima, anaandika kwenye daftari tarehe ya kupiga na tarehe ya kuchuma, na bila ruhusa yake kopo halitoki. Habebi bomba. Nimeuacha wazi.

Kuna na lingine. Baada ya lile lori kurudishwa mbele yetu, watu wamekuwa wakija kwangu na makopo yao, hata wale wanane wa darasani. Bibi Shamba ameniomba nifundishe hapa shambani, Jumamosi ya tarehe kumi na sita, na wameshajiandikisha thelathini na wawili. Jirani mwenye kofia ni wa kwanza kwenye orodha, nimeiandika orodha mwenyewe na nimefurahi mno. Naweza kuwafundisha kuvaa, kupima na kungoja. Lakini wengi wao wanapiga kwa kaptula, na wananiangalia kama ulivyonicheka wewe. Wakisikia toka kwangu watasema huyu ni mwanamke mwoga wa dawa. Kuna mtu mmoja tu ambaye hawawezi kumwambia hivyo, na ni wewe.

Sikulazimishi. Ukikataa nitaelewa na sitauliza tena.

Mdogo wako

*

7 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeomba likizo langoni, nimepewa. Nitafika Ijumaa jioni, mkesha wa darasa lako, na fundi anakuja nami, anasema kaandika habari za shamba hilo mpaka anastahili kuliona.

Ule mstari uliouacha wazi niandikie jina langu.

Na hao watu thelathini na wawili wakae karibu, mbele kabisa, jirani akae katikati yao. Nitawanyooshea mkono huu wautazame unavyotetemeka, kila mmoja aushike akitaka, kisha nitawaeleza ni nani alikwenda darasani kusoma lebo na mimi nikamcheka.

Kaka yako